Mtoto mwenye saratani hana muda wa kusubiri vita vimalizike



Ijumaa moja baada ya swala tulibaki msikitini watu kama ishirini tukihesabu michango ya ndugu zetu wa Gaza. Wakati mhasibu anafunga bahasha, mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa bandari, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Wanangu," akasema, "wanaouawa na mabomu tunawasikia kila siku redioni, wanahesabiwa. Na wale waliokuwa wanaumwa kabla ya vita? Mwenye figo, mwenye sukari, mtoto mwenye kansa. Hao nani anawahesabu?" Ustadhi mmoja akamjibu kuwa ajali ya kila mja iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Mzee akasema hilo analijua tangu chuoni, ila silo aliloliuliza.

Nilimwahidi kuwa nitaliandika. Nimechagua hao wa mwisho aliowataja, watoto wenye saratani, kwa sababu kwa hao angalau nina la kusema. Mtoto wa dada yangu alipata saratani ya damu akiwa na miaka sita. Alitibiwa Muhimbili, na katika muda ule wa miaka miwili na zaidi nilijifunza mambo ambayo bila mtihani ule nisingeyajua.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe, maana hapa wengi wetu tunakosea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila mwaka watoto na vijana wadogo wapatao 400,000 wanaugua saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 kati yao wanapona. Katika nchi nyingi maskini wanaopona hawafiki asilimia 30. Ugonjwa ni ule ule na dawa nyingi ni zile zile, tena baadhi ni za zamani sana. Dawa moja kubwa ya saratani ya damu, vinkristini, imetokana na yale maua madogo ya rangi ya waridi na meupe yanayoota ovyo pembeni mwa nyumba zetu hapa pwani, ambayo asili yake ni Madagaska. Kwa hiyo yule anayesema "kansa haina dawa", kwa mtoto anasema uongo bila kukusudia, na uongo huo umewafanya wazazi wengi kurudisha watoto nyumbani wakasubiri kifo.

Lakini dawa hiyo ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo somo la leo.

Dada yangu alikuwa na daftari. Ni daftari la shule la kawaida, ambalo alilichora mistari akaandika tarehe: siku ya dripu, siku ya sindano ya mgongoni, siku ya kupima damu, siku ya tembe. Mwezi wa kwanza mtoto hupewa dawa kali, na mwisho wa mwezi huo, kwa wengi, ukiitazama damu kwenye hadubini unaiona safi kabisa. Nakumbuka siku tuliyoambiwa hivyo. Mimi nilidhani tumemaliza, nikaanza kupiga simu kwa ndugu. Daktari akatukalisha chini akatueleza kuwa ugonjwa haujaondoka, umejificha, na kwamba tukiacha hapo utarudi ukiwa mkaidi zaidi, na dawa zile zile hazitaufaa kama zilivyoufaa mara ya kwanza. Ndiyo maana matibabu huendelea miaka miwili hadi mitatu, huku mtoto anacheza na kula vizuri na jirani anakuuliza mbona bado mnakwenda hospitali.

Jambo la pili ni homa. Dawa hizi zinapoua chembe za saratani huua pia kinga ya mwili. Mtoto wa kawaida akipata homa usiku unampa dawa ukasubiri asubuhi. Mtoto huyu homa ikimpanda saa nane usiku, saa nane hiyo hiyo unatafuta gari, kwa sababu asipopata dawa ya sindano haraka anaweza kufa kabla ya alfajiri. Hafi kwa saratani, anakufa kwa mdudu ambaye mimi na wewe tungemshinda bila hata kujua. Yapo na mengine: damu ya kuongezewa, hasa zile chembe za kugandisha damu, ambazo zikishatolewa hazidumu zaidi ya siku tano hadi saba, dawa za kukaa kwenye baridi, ambazo jokofu likizima zimeharibika, maabara inayofanya kazi, muuguzi anayejua kuchanganya dawa ambayo ukizidisha kidogo ni sumu. Na ipo mofini, kwa ajili ya maumivu ya wale ambao Mwenyezi Mungu hakuwaandikia kupona.

Sasa, ndugu msomaji, chukua daftari lile la dada yangu ulipeleke mahali penye vita. Bomu si lazima limpige mtoto, wala si lazima liipige hospitali. Inatosha barabara ifungwe wiki tatu, au mafuta ya jenereta yaishe, au daktari mmoja aliyebobea akimbilie nchi nyingine na watoto wake, maana naye ni mzazi.

Tuanze na jirani zetu Uganda, ili tusidhani haya ni mambo ya Waarabu peke yao. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika ya Mashariki, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya ajabu, unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, lakini huitika dawa upesi vile vile. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kuutibu, ambacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na utafiti wa pale ulisaidia kuuonyesha ulimwengu kuwa ipo saratani inayopona kwa dawa peke yake bila kisu. Mwaka 1971 Idi Amin akachukua nchi. Watafiti wa Kimarekani wakaondoka, na kazi akaachiwa Mganda, Profesa Charles Olweny, aendeshe wodi kwa kilichopo. Vikaja vita vya 1978 na 1979, ambavyo wazee wetu wanavijua vizuri maana wengine walikwenda, kisha vita vya Luwero, kisha miaka ya Kony kule kaskazini. Na kaskazini ndiko uvimbe wa Burkitt unakopatikana kwa wingi. Watu wapatao milioni 1.8 walirundikwa kwenye makambi, na njia za kwenda mjini zilikuwa za kuviziwa. Mtoto ambaye uvimbe wake unaongezeka kila baada ya siku mbili akisubiri msafara wa wanajeshi ndipo asafiri, atafika amechelewa, kama atafika.

Ya Iraq yalikuwa na sura nyingine. Pale silaha ya kwanza ilikuwa karatasi. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilianza Agosti 1990, na kila kilichoagizwa kilipita kwenye kamati ya vikwazo, ambako mjumbe mmoja akitia shaka kuwa kitu fulani kinaweza kutumika kijeshi, kitu hicho kinazuiwa. Mwaka 1999 Profesa Karol Sikora, Mwingereza aliyekuwa akiongoza mpango wa saratani wa WHO, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuwa mashine za mionzi, dawa za saratani na dawa za maumivu zilizoombwa kwa ajili ya Iraq zilikuwa zikizuiwa na washauri wa Marekani na Uingereza katika kamati hiyo. Isome tena hiyo orodha. Dawa za maumivu! Aliyesema hivyo hakuwa Saddam wala gazeti la Kiislamu.

Kwa daktari wa watoto tatizo halikuwa kwamba dawa hazifiki kabisa. Zilifika nusu. Mwezi huu inakuja dawa moja kati ya nne, mwezi ujao inakuja nyingine na ile ya kwanza imekwisha. Kumtibu mtoto namna hiyo ni kuufundisha ugonjwa jinsi ya kuishinda dawa. Kisha ukaja uvamizi wa 2003, na baada yake miaka ile ambayo madaktari walitekwa na kuuawa, maelfu wakahama nchi, na mzazi wa Kusini alilazimika kupima: nimpeleke mwanangu Baghdad kwa njia yenye vizuizi vya watu wenye bunduki wanaouliza madhehebu yako, au nibaki naye nyumbani? Wapo watakaoniuliza mbona sisemi lolote juu ya risasi za urani na saratani za Basra na Fallujah. Ubishi huo ni mkubwa na wataalamu hawajaafikiana, nami sitaki kuungia hapa. Hata kama silaha hazikumwongezea mtoto hata mmoja saratani, wale waliokuwa nayo tayari waliuawa na kukosa dawa, na kwa hilo hakuna ubishi.

Nije Gaza, kulikoanzia swali la mzee. Hata kabla ya Oktoba 2023, Gaza haikuwa na tiba ya mionzi. Mtoto aliyeihitaji aliombewa kibali apite kivuko cha Erez kwenda hospitali ya Augusta Victoria, Jerusalem ya Mashariki. Mara nyingine kibali kilitoka cha mtoto lakini cha mama kikakataliwa, mtoto akasindikizwa na bibi yake. Mwaka 2019 ilifunguliwa wodi ya saratani ya watoto katika hospitali ya Rantisi, mjini Gaza, na kwa mara ya kwanza watoto wengi wakaweza kupata dripu zao nyumbani kwao. Furaha hiyo haikutimiza miaka mitano. Tarehe 1 Novemba 2023 hospitali ya Urafiki wa Uturuki na Palestina, iliyokuwa hospitali pekee ya saratani kwa watu wazima, ilisimama kwa kukosa mafuta na kwa uharibifu wa mashambulizi. Siku chache baadaye Rantisi nayo ikazingirwa, ikahamwa. WHO ilitangaza kuwa watoto 12 wenye saratani na maradhi mengine ya damu wamevushwa kwenda Misri na Jordan. Wengine wakafuata kwa mafungu madogo madogo, wengine wakabaki.

Kisha tarehe 7 Mei 2024 kivuko cha Rafah kikafungwa. Wagonjwa wa kwanza kutoka baada ya hapo, 21, wengi wao wa saratani, walitoka tarehe 27 Juni kupitia Kerem Shalom. Hizo ni siku 51. Nilipozihesabu nilikwenda kumwomba dada daftari lake nikalifungua ukurasa wa mwanzo. Katika siku 51 za mwanzo mtoto wetu alikuwa amemaliza awamu yote ya kwanza, damu imeonekana safi, na ameingia awamu ya pili. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt sina haja ya kufanya hesabu. Mwezi Machi 2025 jeshi la Israel likalilipua jengo la ile hospitali ya Uturuki.

Na waliobaki kwenye mahema wana tatizo ambalo televisheni haiwezi kulionyesha. Mtoto ambaye kinga yake imeuawa na dawa analala hema moja na watu kumi na watano, maji machafu, kuhara kunazunguka, na hali shibe. Mwili uliodhoofika kwa njaa hauhimili dozi kamili, kwa hiyo hata dawa ikipatikana daktari anaipunguza. Njaa, basi, nayo inaingia kwenye orodha ya vitu vinavyoharibu tiba ya saratani.

Hapa lazima nizungumzie Ukraine, na nitajitahidi niwe muadilifu kama tunavyoamrishwa kuwa hata kwa tusiowapenda. Vita vilipoanza Februari 2022, hospitali ya St. Jude ya Marekani pamoja na madaktari wa Ukraine, Poland na nchi nyingine za Ulaya walipanga njia ya kuwatoa watoto wenye saratani. Faili zilitafsiriwa, watoto wakapokewa kwenye kituo maalumu nchini Poland, wakachunguzwa, kisha kila mmoja akapelekwa hospitali yenye nafasi. Katika miezi michache walivushwa zaidi ya watoto 1,000. Hilo ni jambo jema na sitalibeza. Wala watoto wa Ukraine hawakusalimika: tarehe 8 Julai 2024 kombora liliipiga Okhmatdyt, hospitali kubwa ya watoto ya Kyiv, na dunia iliona watoto wasio na nywele wamekaa barabarani na dripu zao mkononi. Ila linganisha. St. Jude hao hao walishiriki kuwatoa watoto wa Gaza. Madaktari walikuwa tayari, vitanda vilikuwapo Cairo na Amman. Mpaka wa Poland ulikuwa wazi, wa Gaza ulikuwa na ufunguo ulioko mfukoni mwa mtu mwingine. Wakubwa waliohimiza mpaka ule uwe wazi ndio walioshindwa kuutia shinikizo huu.

Na kabla hatujamaliza kuwanyooshea vidole wengine, tutazame Sudan. Pale hakuna Myahudi wala Mmarekani aliyefyatua risasi ya kwanza. Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali wawili wa Kiislamu, katika mwezi wa Ramadhani, waligombana kwa sababu ya madaraka. Matibabu makubwa ya saratani nchini humo yalitegemea miji miwili, Khartoum na Wad Madani. Khartoum ikafungwa na vita, wagonjwa wakakimbilia Wad Madani. Tarehe 18 Desemba 2023 wapiganaji wa RSF wakaingia Wad Madani, na wale wale wagonjwa wakakimbia mara ya pili, wengine Gedaref na Kassala, wengine Port Sudan, wengine mbali kabisa Merowe. Mtoto aliyeanza dripu Khartoum na kuendelea Wad Madani, akifika mji wa tatu faili lake liko wapi? Daktari mpya atajuaje ameshapewa kiasi gani cha dawa ambayo ikizidi inaharibu moyo? Katika misikiti yetu nimesikia qunuti ya Gaza mara nyingi, alhamdulillah. Ya Sudan nimeisikia mara moja.

Mtume wetu (s.a.w) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani, na hadithi hiyo, kutoka kwa Ibn Umar (r.a), wameipokea Bukhari na Muslim. Sayyidna Abubakar (r.a) alipowaaga majeshi ya Sham aliwausia hilo hilo, akaongeza na miti yenye matunda na mifugo. Tafakari kwa nini miti. Mti ukiukata leo, mtu anakufa mwakani. Kuzuia dawa ni kukata mti. Naona kosa letu ni kuifunga hadithi ile kwenye upanga peke yake, kana kwamba aliyemwekea mtoto kizuizi barabarani hadi ugonjwa ukamrudia hakuua.

Tuna na mfano wa kutenda. Baada ya vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a) alipojeruhiwa alitibiwa katika hema lililosimamishwa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w), na aliyekuwa akiwahudumia majeruhi ni mwanamke wa Kianswari, Rufaida (r.a). Mwaka 1154, wakati Wapiganaji wa Msalaba wangali wameikalia Jerusalem, Sultani Nuruddin alijenga hospitali Damascus, ikaendeshwa kwa wakfu, ikafanya kazi karne na karne. Hakusema tumalize vita kwanza. Na sheria za leo zinasema hayo hayo: Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, katika vifungu vya 17, 18 na 23, unazungumzia kuwatoa wagonjwa na watoto kwenye maeneo yaliyozingirwa, kulinda hospitali na kuruhusu dawa za raia zipite. Sheria ipo, imetiwa saini, na waliosaini ndio wanaoivunja.

Wiki iliyofuata nilimweleza mzee haya kwa ufupi, tukiwa tumekaa barazani baada ya Alasiri. Akasikiliza, kisha akauliza lililomhusu: "Sasa fedha yetu ile inanunua nini?" Nikamwambia kwa kawaida hununua unga, mahema na mablanketi, na hivyo ni vitu vya lazima, lakini shirika tunalolipa tuna haki ya kuliuliza kama lina fungu la dawa, la mafuta ya jenereta na la nauli na malazi ya mgonjwa aliyevushwa. Maana mama aliyefika Cairo na mtoto atakaa pale miaka miwili, na hapewi unga na mtu. Mhasibu wetu ameshaandika barua ya kuuliza hayo. Majibu yakija nitayaandika hapa, yawe mazuri yawe mabaya.

Mzee akauliza tena kama damu yake inaweza kupelekwa Gaza. Nikamwambia haisafiri hivyo, chembe za damu anazozihitaji mtoto wa saratani huharibika ndani ya siku chache, na umri wake nao umepita. Akasema, basi wapo wenye umri, na watoto wapo Muhimbili. Jumamosi ile tulikwenda watu tisa kutoka msikitini kwetu. Wawili walirudishwa kwa sababu ya presha.